Shajara ya mradi: kielekezi cha gari la mfereji, kuanzia kupima hadi mbio

Jumamosi, 13 Januari 2024: Lilipoanzia

Juzi Alhamisi gari langu liliruka nje ya mfereji mara 11 kwa usiku mmoja. Klabu yetu hapa Leicester hukimbiza magari madogo ya kuchezea, ya kipimo cha 1/32 (yaani dogo mara 32 kuliko gari halisi), kwenye njia ya mbao yenye mifereji sita, na katika kila kundi nililopangwa nilimaliza wa mwisho. Mota ni nzima, tairi za nyuma ni mpya, giya hazipigi kelele. Baada ya mbio mzee mmoja ambaye amekuwa kwenye mchezo huu tangu utotoni mwake alilichukua gari, akalipindua tumbo juu, akakisukuma kielekezi kwa ncha ya kidole. Kikacheza kama jino linalotaka kung'oka. Akanirudishia gari bila kusema neno, nami nikajua kazi yangu ya majira haya ya baridi ni ipi.

Kwa asiyewahi kuyaona magari haya: dereva hana usukani. Ana kidhibiti cha mkononi cha kuongeza na kupunguza umeme, basi. Njia imechimbwa mfereji mwembamba, na kila upande wa mfereji pana mkanda wa metali unaopitisha umeme wa volti 12. Chini ya pua ya gari ndipo kilipo kielekezi. Kina shina linalozunguka ndani ya tundu la chasisi, kina sahani ndogo ya plastiki, kina ubapa unaoshuka ndani ya mfereji, na kina misuko miwili ya nyuzi za shaba inayosugua ile mikanda na kuleta umeme kwenye mota. Wenzangu wa klabuni hukiita bendera. Mimi ule ubapa nauita mkuku, kwa sababu nimekulia Tanga na najua jahazi lisilo na mkuku linavyokwenda upande upande. Mbele ya mkuku nitaita omo na nyuma nitaita tezi, ili tuelewane.

Umbo hili halikuwapo tangu siku ya kwanza. Magari ya mwanzo ya mfereji ya chapa ya Scalextric, aliyoyatoa Fred Francis mwaka 1957, yalikuwa ya bati, na chini ya tumbo yalikuwa na kigurudumu. Mkuku unaozunguka na shina lake ulikuja baadaye, na tangu hapo kazi ya kulishikilia gari kwenye kona inaanzia hapo, hasa kwetu tunaokimbia bila sumaku ya kulivutia gari chini kwenye njia. Shaba haivutwi na sumaku, kwa hiyo kwenye njia ya mbao yenye mikanda ya shaba sumaku haina la kukusaidia.

Nitatengeneza magari mawili. Moja ni Porsche 956 ya chapa ya Slot.it, ambayo naikimbiza mwenyewe. La pili ni Datsun 240Z ya mpwa wangu mwenye miaka 14: ganda la resini juu ya chasisi tuliyoiunga nyumbani. Anataka kulipaka rangi za gari lililoshinda Safari Rally mwaka 1973 mikononi mwa Shekhar Mehta. Bajeti nimeiweka pauni 40 kwa yote mawili.

Jumapili, 14 Januari: Kupima mfereji

Nimenunua kalipa ya dijitali, kifaa cha kupimia upana, unene na kina, kwa pauni 11.99. Ndicho kifaa ghali kuliko vyote katika mradi huu, na bila chenyewe haya yanayofuata yangekuwa ya kubahatisha.

Leo ukumbi ulifunguliwa kwa ajili ya usafi, nikaomba nusu saa ya kupima. Mfereji wa kwetu ulichongwa kwa ruta, mashine ya kuchongea mbao, yenye kisu cha inchi 1/8, yaani karibu mm 3.2, na kwa upana nilikuta hivyo karibu kila mahali. Kuna sehemu moja tu, kwenye maungio ya mbao baada ya kona ndefu, ambako rangi imejikusanya na upana umebaki mm 3.0. Kina ndicho kilichonishangaza. Sehemu nyingi ni mm 8.5, lakini pale njia inaposhuka kutoka darajani, mfereji wa nne una kina cha mm 7.6 tu. Nadhani gundi iliingia walipokuwa wakiunga mbao.

Nyumbani ninayo njia ya plastiki darini. Mfereji wake una kina cha mm 6.4. Hapo tayari jibu moja limepatikana: gari moja haliwezi kutumia kielekezi kimoja kote kuwili. Mkuku wa kufaa njia ya mbao utagonga sakafu ya mfereji wa plastiki, pua itainuka, na misuko haitagusa kitu.

Alhamisi, 18 Januari: Kirefu, na jioni iliyoanza vizuri

Mezani nina vielekezi vitatu. Cha kwanza ni kile kilichokuja na gari, cha kubana kwa kusukuma, ambacho shina lake limelika. Cha pili ni cha skrubu, kirefu, kilichotengenezwa kwa njia za mbao (pauni 4.20). Cha tatu ni cha skrubu pia lakini kifupi, mm 6.2 kutoka sahani hadi chini ya mkuku, kwa ajili ya njia ya darini (pauni 3.80).

Napenda vya skrubu. Unakifungua na kukifunga bila kuulazimisha mdomo wa tundu la chasisi, na unaweza kuongeza au kupunguza pete chini ya sahani. Cha kubana, kila ukikichomoa unalipanua tundu kidogo, na hatimaye ndilo lile jino linalocheza.

Kirefu kina mkuku wa mm 8.2. Nilipiga hesabu hivi: msuko mpya unaiinua sahani mm 0.7 juu ya njia, kwa hiyo kinachozama ndani ya mfereji ni mm 7.5. Mahali pa kina kidogo kabisa ni mm 7.6. Kinapita. Nikakifunga kama kilivyotoka kwenye pakiti, nikaenda klabuni.

Mbio mbili za kwanza zilikuwa raha tupu. Gari lilishika kona ambazo wiki iliyopita lilikuwa likinitupa nje. Katika mbio za tatu nilipangiwa mfereji wa nne, na kila niliposhuka darajani pua ilirushwa juu. Nikapunguza mwendo, ikarushwa. Mara tano katika dakika tatu.

Nilipofika nyumbani nilipima upya. Misuko ilikuwa imelala na kubonyea, imebaki mm 0.4. Sahani ilikuwa imeshuka, na mkuku nao umeshuka nayo: mm 7.8 ndani ya mfereji wa mm 7.6. Hesabu niliyoipiga mezani ilikuwa ya msuko mpya, na msuko mpya hauishi zaidi ya saa moja. Atakayeiga kazi hii apime kina cha mkuku akichukulia msuko umekwisha chakaa. Kwetu maana yake ni mm 7.4 kutoka sahani hadi chini: msuko ukilala, mm 7.0 ndiyo inayozama, na mm 0.6 inabaki wazi hata pale penye gundi.

Jumamosi, 27 Januari: Msasa

Kwanza urefu. Nimechora mstari kwa kalamu ya sindano kwenye mm 7.4, nikapunguza kwa tupa bapa, nikamalizia kwa msasa namba 400 kisha 800. Dakika kumi.

Halafu omo. Pembe ya chini ya mbele ilitoka kiwandani ikiwa kali, na pembe kali hukwaruza kila penye maungio. Nimeizungusha kwa tupa hadi ikawa duara kama la ukucha wa mtoto, na ukingo wote wa chini nikaupitishia msasa ili usiwe na makali. Tezi nayo nimeigusa, kidogo tu. Kwenye mshono ulioachwa na kalibu ya kiwandani palikuwa na vinyweleo vya plastiki, nimevikwangua kwa wembe. Vinyweleo hivi vinaonekana si kitu, lakini cha kwenye shina kilikuwa kinafanya kielekezi kikwame kila kikizunguka kuelekea kushoto.

Unene ndio ulionichukua mchana kutwa. Mkuku ulikuwa mm 2.9, na pale penye rangi mfereji ni mm 3.0. Nafasi ya mm 0.1 ni ndogo mno, uchafu kidogo tu na gari linabana. Nilitaka mm 2.6. Nimelaza msasa juu ya kioo cha fremu ya picha, nikaushika mkuku kwa vidole viwili, nikasugua upande huu na ule. Nilikuwa napima mbele tu, kwa sababu mbele ndiko kalipa inakoingia kwa urahisi. Ilipoandika 2.5 niliacha.

Alhamisi, 1 Februari: Mkuku uliogeuka kabari

Kwenye njia iliyonyooka gari lilikwenda vizuri. Kwenye kona zinazofuatana, kulia kisha kushoto kisha kulia, pua ilikuwa inatikisika kama mkia wa samaki. Muda wa mzunguko ulikuwa sekunde 9.3, wakati Alhamisi ile mbaya ya Januari nilikuwa nafanya 9.1. Nilitoka nje mara nane.

Yule mzee aliuchukua mkuku, akautazama kutoka chini dhidi ya taa, akaniashiria nami nitazame. Ulikuwa kabari. Mbele mm 2.5, tezi mm 2.1. Vidole vyangu vilikuwa vinakandamiza zaidi upande wa nyuma, na nyuma ndiko kalipa haikuwahi kufika. Mkuku mwembamba nyuma unaacha gari liyumbe kabla ya kushikwa, na kwenye kona zinazopokezana huko kuyumba kunaongezeka kila mpokezano.

Huu hauna dawa. Plastiki iliyoondoka haimrudii mtu. Nimenunua viwili vingine kwa pauni 8.40, kimoja cha Porsche na kimoja cha Datsun.

Namna niliyofanya mara ya pili, na ndiyo ninayoipendekeza: weka msasa juu ya kioo hadi ukingoni kabisa. Laza mkuku juu ya msasa, sahani ining'inie nje ya ukingo wa kioo. Juu ya mkuku weka kijiti bapa cha mbao, sukuma kijiti badala ya kusukuma mkuku wenyewe, ili nguvu ienee sawa. Sugua mara kumi, geuza, sugua mara kumi. Pima mahali patatu: omo, katikati, tezi. Nilifika mm 2.7 pote patatu baada ya kugeuza mara sita, nikasimama hapo. Nilikusudia 2.6, lakini nilipoupitisha kwa mkono kwenye pale penye rangi ulipita bila kugusa, sikuona sababu ya kuendelea.

Jumapili, 11 Februari: Misuko

Hapa ndipo nilipoharibu vitu vingi kuliko popote, kwa hiyo nitaeleza kwa kirefu.

Msuko una kazi mbili zinazopingana. Unatakiwa ukandamize mkanda wa shaba ili umeme usikatike, na unatakiwa uwe laini usiiinue pua. Ukiwa mgumu unafanya kazi ya springi: gari limesimama juu ya misuko badala ya kukaa juu ya njia, mkuku unapanda nusu nje ya mfereji, na kona ya kwanza inakutoa. Nilianza na pakiti ya misuko minene ya shaba tupu (pauni 2.75). Ilikuwa migumu, na baada ya wiki moja ilikuwa imefifia rangi na kuhitaji kusuguliwa ndipo ipitishe umeme vizuri. Ya pili niliyonunua, bei ileile, ni ya nyuzi nyembamba zilizopakwa bati. Hiyo ndiyo iliyobaki.

Kosa la kwanza: msuko mmoja ulikuwa unateleza kwenye tundu lake, nikaweka tone la supa glu. Tone lilikuwa dogo kama kichwa cha pini. Msuko ni kama utambi wa taa, uliivuta gundi yote, na katika kupepesa macho mm 5 za mbele zilikuwa zimekauka ngumu kama kijiti. Mita ya umeme ilionyesha upande ule haupitishi kitu pale gundi ilipoingia kati ya waya na msuko.

Kosa la pili nililifanya saa moja baadaye, na hili linaniuma zaidi kwa sababu nilipaswa kulijua. Niliamua kulehemu waya kwenye msuko. Risasi ikayeyuka, ikapanda ndani ya msuko wote hadi karibu na ncha. Kwetu barabara ya kumi na mbili palikuwa na fundi redio, na nikiwa mdogo nilikuwa nakaa kibarazani pake nikimtazama. Alipotaka kuondoa risasi ya zamani kwenye ubao wa redio, alichukua msuko wa shaba, akaulaza juu ya risasi, akaweka pasi ya kulehemu, na risasi yote ikanywewa na msuko. Kitu kilekile! Msuko wa shaba hunywa risasi, ndiyo kazi anayoununulia fundi. Nikaufanyia gari langu hivyohivyo na nikashangaa umekuwa mgumu.

Njia iliyofaa haina gundi wala risasi. Nimemenya waya mm 6, nikaziacha nyuzi zake bila kuzisokota sana, nikaziingiza kwenye tundu la sahani pamoja na ncha ya msuko iliyokunjwa mara moja. Vikibanana humo havitoki. Ukivuta kwa vidole visitoke. Vikitoka, kunja ncha ya msuko mara mbili. Ikibidi kubadilisha msuko katikati ya mbio, unachomoa na kuingiza mpya kwa koleo nyembamba bila kuwasha chochote.

Baada ya hapo nimeuchana msuko kwa mswaki mkuukuu ili nyuzi zitandazike, nimeulaza bapa, na nimeukunja kidogo kuelekea chini upande wa nyuma, kama digrii kumi tu. Urefu nimekata pale tezi ya mkuku inapoishia.

Waya nao. Ule uliokuja na gari ulikuwa na ngozi ngumu, na gari likiinuliwa hewani kielekezi kilikuwa kinageuka chenyewe kuelekea kulia. Maana yake kila kona ya kushoto mkuku ulikuwa unapigana na waya. Nimeweka waya wa silikoni (mita moja, pauni 3.00), laini kama uzi wa pamba, nikaacha ziada ya kutosha kielekezi kigeuke pande zote mbili mpaka mwisho. Jaribio lake ni rahisi: inua gari, kigeuze kielekezi kwa kidole hadi nusu ya mzunguko wake, achia. Kikibaki pale ulipokiacha, waya hauna neno.

Kuna maji ya kulainisha misuko yanayouzwa kwa chupa ndogo. Sikuyanunua. Klabuni hayaruhusiwi, kwa sababu yanabaki kwenye njia na tairi za anayefuata zinateleza. Petroli ya kiberiti kwenye kitambaa, kufutia uchafu mweusi, inatosha, na nimeiacha ikauke kabisa kabla ya kuwasha umeme.

Alhamisi, 22 Februari: Kimo cha pua

Kabla ya kwenda nimetengeneza kibao cha kupimia: kipande cha MDF, ubao wa unga wa mbao ulioshindiliwa, kilichobaki kwenye kazi ya kabati, nimekichonga mfereji mmoja ulionyooka. Gari likikaa juu yake unaona kila kitu. Sahani ya kielekezi ilale sambamba na kibao, na magurudumu ya mbele yaguse kwa shida tu. Kipimo changu ni karatasi ya kawaida ya kuandikia: nikiipitisha chini ya gurudumu la mbele inapaswa kuvutika, huku ikigusa kidogo sana. Mwanzo magurudumu yalikuwa yanabeba pua yote, misuko inaelea. Kwa hiyo nimeongeza pete mbili nyembamba za plastiki, zile mafundi wanaziita washa, mm 0.25 kila moja, kati ya sahani na chasisi. Pete zilikuwa ndani ya pakiti ya kielekezi.

Nimeweka gramu 3 za risasi nyuma ya shina. Risasi ni sumu, nimenawa mikono kabla ya kushika chochote cha kula, na vipande vilivyobaki vimo kwenye chupa yenye kifuniko mbali na mtoto.

Mbio: nimetoka nje mara nne, mzunguko wangu bora sekunde 8.7. Ingekuwa mara tatu kama si uzembe mmoja. Katikati ya mbio za pili umeme wa mfereji wangu ulikatika wote, na mbio zikasimamishwa kwa ajili yangu. Uzi mmoja wa msuko, mwembamba kama unywele, ulikuwa umechomoka, ukapita nyuma ya mkuku na kugusa msuko wa upande wa pili. Nimewaomba radhi wenzangu. Tangu leo, kabla ya kila mbio napitisha mkasi mdogo kuzunguka ncha zote mbili, na nahakikisha kati ya misuko pana nafasi nyeupe ninayoiona kwa jicho bila miwani.

Jumamosi, 9 Machi: Datsun

Datsun imenifundisha jambo ambalo Porsche haikunionyesha. Gari halisi la 240Z lina mm 2,305 kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma. Kwa kipimo chetu ni mm 72. Porsche 956 ni karibu mm 83. Gari fupi linageuka upesi, na linazunguka upesi vilevile likikosewa. Unataka kielekezi kiwe mbele kadiri inavyowezekana ili kiwe na nguvu ya kulivuta, lakini kwenye ganda hili bampa inazuia. Nimekipeleka mbele hadi sahani ikabakiza mm 1 kugusa resini, na nimekata chasisi kidogo pande mbili ili kielekezi kigeuke vya kutosha nyuma inapoteleza. Mwanzo kilikuwa kinagonga chasisi, na kikigonga, mkuku unainuliwa nje ya mfereji kwa nguvu ya gari lenyewe.

Kila kitu nilikifanya kama cha Porsche: mm 7.4, mm 2.7, misuko ya bati, waya wa silikoni. Kwenye kibao kikakaa vizuri. Darini, kwa kielekezi kifupi nilichokihamisha kutoka Porsche, gari likawa linakatika umeme kila kona ya kulia. Nilibadilisha waya, nikabadilisha misuko, nikasafisha njia nzima. Nusu siku imekwenda.

Mpwa wangu ndiye aliyeona. Alikuwa ameshika gari karibu na dirisha, akaniambia, "Mjomba, tazama. Msuko wa kushoto unang'aa, wa kulia haung'ai."

Nilichukua gari nikatazama. Wa kushoto ulikuwa umesuguliwa urefu wote, mweupe kama sarafu mpya. Wa kulia ulikuwa umesuguliwa ukingoni tu. Kielekezi kilikuwa kimeinama. Tundu la shina nililitoboa kwa mkono, bila mashine ya kusimama, na lilikwenda upande kidogo. Kibao hakikuonyesha, kwa sababu gari likiwa limesimama uzito wake ulitosha kuilaza sahani. Kwenye kona ya kulia, uzito unapohamia upande wa kushoto, msuko wa kulia ulikuwa unaachana na mkanda.

Nikamwambia, "Leo umemshinda mjomba wako." Akacheka, akaenda kumsimulia mama yake.

Tumelipanua tundu, tukaingiza mrija mdogo wa shaba ya njano (pauni 1.80) ambao ndani yake shina linaingia bila kucheza. Tuliuchomeka kijiti kirefu kilichonyooka, tukasimamisha pembemraba ya seremala ubavuni, tukasogeza hadi kijiti kikasimama wima mbele na pembeni, ndipo tukaugandisha kwa gundi ya kuchanganya. Hapa gundi inaruhusiwa, haipo karibu na misuko. Tumeiacha usiku kucha.

Tangu hapo naitazama misuko ya magari yote mawili baada ya kila mbio, kabla hata ya kutazama muda. Ikisuguliwa nyuma tu, imekunjwa mno. Ikisuguliwa mbele tu, pua iko chini mno. Ikisuguliwa upande mmoja, shina limeinama au ekseli ya mbele imepinda.

Alhamisi, 21 Machi: Mbio za magari yote mawili

Ni Ramadhani, na jua hapa linazama kama saa kumi na mbili na dakika ishirini jioni. Tumefuturu kwa tende, uji na kaimati, tukaswali, tukafika ukumbini mbio za kwanza zikiwa zimekwisha anza. Walitupanga kundi la mwisho.

Porsche: nje mara mbili kwa usiku mzima. Moja niliisababisha mwenyewe kwa kuachia kidhibiti kwa kuchelewa, nyingine niligongwa. Mzunguko bora sekunde 8.5, na mfereji wa nne, ule wa gundi, haukunirusha hata mara moja. Nimemaliza wa tatu katika kundi la watu sita. Datsun: mpwa wangu ametoka nje mara tano, mzunguko bora sekunde 9.0, na umeme haukukatika kulia wala kushoto. Rangi bado hazijakamilika, mlango mmoja tu ndio wenye namba, lakini alilishika gari lile njia nzima ya kurudi nyumbani.

Gharama zote: vielekezi virefu vitatu pauni 12.60, kifupi kimoja 3.80, pakiti mbili za misuko 5.50, waya 3.00, kalipa 11.99, msasa 2.50, mrija 1.80. Jumla pauni 41.19. Nimepita bajeti kwa pauni 1.19, na kielekezi kimoja nilichokigeuza kabari ndicho kilichonipitisha.

Kabla ya kulala nimepima misuko ya Porsche: mm 0.4, sawasawa na tulivyotarajia, na inang'aa pande zote mbili. Ya kulia imeanza kufumuka kwenye ncha. Mipya nimekwisha ikata na kuichana, imo kwenye kisanduku cha sindano pamoja na mkasi, na Jumatano usiku baada ya tarawehe nitaiingiza.